Mkojo wa Saa Sita Mchana

Nilipopelekwa kufanya kazi upande wa Gede, watu hawakujua waniiteje. Ofisa wa afya aliyenitangulia alikuwa mwanamume, na kila mtu alimwita Bwana Afya. Mimi nikaja na sketi yangu na baiskeli ya serikali. Wazee wakashauriana, mwisho wakaamua kwamba cheo ni cheo. Basi miaka yote niliyokaa pwani nilikuwa Bwana Afya. Hata nilipomzaa mwanangu wa kwanza, wanawake walipita nyumba kwa nyumba wakipeana habari: "Bwana Afya amejifungua salama." Hakuna aliyeona ajabu.

Nawaeleza haya nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuwaelimisha wenzenu, mjue kwamba nilianza nikiwa mgeni wa kila kitu. Nilitoka Ukambani, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuamuru: kuja hapa, wacha hiyo, kunywa dawa. Aliyeninyoosha ni Bi Rukia, mwenyeji wa Malindi, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa maabara katika zahanati yetu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na hakuwa na haraka ya jambo lolote. Siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza na mama mmoja mlangoni, alingoja yule mama aondoke.

"Mwanangu," akaniambia, "yule ni mkubwa kwako. Umemwamkia?"

"Sikumwamkia."

"Umemuuliza hali ya watoto?"

"Nilikuwa na haraka, Bi Rukia."

"Haya. Naye atakuwa na haraka ya kuitupa hiyo dawa uliyompa."

Tangu siku hiyo nikajifunza kuamkia kwanza na kufundisha baadaye. Mpaka leo sijaona chuo kinachofundisha somo hilo ipasavyo.

Sasa nije kwenye kichocho, maana ndicho kilichonifundisha kazi. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Ukiiacha barabara kuu pale Gede na kuingia ndani, kwenye mashamba ya mikorosho na mihogo, kulikuwa na shule moja ya msingi, na chini ya shule kulikuwa na bwawa. Bwawa lile lilikuwa kila kitu. Wasichana walichota maji hapo na kufua hapo, ng'ombe walinywa hapo, na wavulana wakitoka uwanjani walijirusha humo wakiwa na jasho lao. Na kila mtu akishikwa na haja ndogo, majani ya kando ya bwawa ndiyo yalikuwa choo.

Kwa wasiokijua, kichocho ni ugonjwa wa minyoo wadogo mno. Mgonjwa hukojoa mayai yao majini. Mayai hutoa vijidudu vinavyoingia katika konokono, vikakulia humo, vikatoka tena majini kumngoja mtu. Vinapenya ngozi hata isiyo na kidonda, na baada ya muda mtu huanza kukojoa damu. Asipotibiwa, ugonjwa humla kidogo kidogo kibofu na figo, na kumwacha hana nguvu.

Hivyo ndivyo nilivyolieleza darasa la sita katika somo langu la kwanza. Nilitundika picha kubwa ya konokono niliyoichora kwa mkono, nikaeleza wanakaa wapi, chini ya majani gani, wana umbo gani. Nilijiona nimefundisha. Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo tusiyaguse maji yale." Wakapiga makofi.

Kabla sijamaliza chai ofisini kwa mwalimu mkuu, wavulana wakaingia na ndoo, wamelowa mpaka kiunoni, maji yanawachuruzika sakafuni. Aliyetangulia alikuwa Katana, nahodha wa timu ya mpira, kijana mrefu mwenye sauti iliyoanza kuwa nzito.

"Bwana Afya," akasema kwa furaha, "tumekuletea wale konokono. Ulisema kweli, wako chini ya majani. Tumetafuta kila mahali."

Ndoo ilikuwa imejaa. Mwalimu mkuu alicheka hata akashika meza. Nikajua kwamba kijana ukimweleza kitu vizuri atakwenda kukitafuta, na neno "tusiyaguse" ulilolitia mwishoni halitamzuia.

Lakini konokono hawakuwa shida kubwa. Shida kubwa niliambiwa na Kazungu, mtoto wa mwenye duka, mvulana mdogo wa umbo, ambaye baba yake alimkataza bwawa kwa fimbo na kumchotea maji ya tangi. Siku moja alinifuata nikisukuma baiskeli, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Bwana Afya, nifanye nini nami niipate?"

"Uipate nini?"

"Damu. Wenzangu wote wameshaipata. Katana aliipata akiwa darasa la tano. Mimi wananiita mtoto."

Nikasimama palepale njiani. Kumbe wakati mimi nawatisha wavulana na damu, wao walikuwa wanaingoja. Katika kijiji kile mvulana aliyekojoa damu alihesabiwa kuwa amepevuka. Baba aliposikia, alifurahi. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikiwaambia vijana kwamba nimekuja kuwanyang'anya uanaume wao, na wao walikuwa wakinipigia makofi kwa adabu tu.

Nilirudi zahanati nimechoka moyo. Bi Rukia alinisikiliza huku akifuta vioo vya hadubini yake, kile chombo cha kutazamia vitu visivyoonekana kwa macho.

"Umewaambia kuna mdudu," akasema. "Wamemwona?"

"Wamwone wapi?"

"Basi kwao hayupo. Mimi nisingekuamini vilevile." Akaivika hadubini kitambaa chake. "Tutaibeba twende nayo. Waambie wacheze mpira kwanza. Mkojo mzuri kwa kazi hii ni wa saa sita mchana, na mtu awe ameutikisa mwili. Mayai hutoka kwa wingi wakati huo. Ukichukua wa asubuhi utaambulia maji."

Likumbukeni hilo, nyinyi mtakaopima kichocho. Na chupa zichemsheni na kuzikausha. Sisi tulikusanya chupa za dawa ya kikohozi na za jamu, tukazibandika plasta yenye jina la kila mmoja.

Siku tuliyokwenda, jua lilikuwa kali. Hapakuwa na umeme, wala hatukuuhitaji: hadubini ya Bi Rukia ilikuwa na kioo chini yake cha kunasa mwanga. Tukaweka meza mlangoni mwa darasa. Shule nzima ilikimbia kuuzunguka uwanja, walimu wakiwamo, na mwalimu mkuu nyuma yao wote akiwa ameshika suruali isimshuke. Kisha kila mmoja akapewa chupa, wavulana upande huu, wasichana upande ule. Sijapata kuona watoto wakienda haja kwa bidii kama ile.

Katana alirudi na chupa yake ameinyanyua juani. "Ukwaju huu," akawaambia wenzake. "Nani anataka?" Wakamshangilia. Nyuma yake akaja Kazungu, chupa yake ameificha kwapani. Bi Rukia aliitazama, akatia tone chini ya kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Wako ni safi, mwanangu. Hongera."

Kazungu alikaribia kulia. Nikamwambia akae karibu yangu anisaidie kupanga chupa, na akakaa hapo, uso chini.

Wavulana walitazama mayai kwa zamu. Yai la kichocho lina umbo kama la punje ndefu, na mwisho wake mmoja una mwiba. Bi Rukia aliwaeleza kwamba mwiba ule ndio unaowachana kwa ndani, ndiyo maana damu inatoka. Baadhi waliacha kucheka. Lakini Katana alipoinua kichwa alisema, "Basi yangu yana miiba. Ya dume." Wakacheka tena. Nikaona siku yetu inakwenda na upepo.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, akaja msichana aliyejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani, amebana kitu kifuani. Nilimfahamu kwa sura kabla hajataja jina. Alikuwa Sidi, dada yake Katana. Darasani jina lake lilikuwa likisomwa kila asubuhi na hakuna aliyeitika. Walimu waliniambia ni mgonjwa, na waliposema hivyo waliangalia pembeni.

"Shikamoo," akasema, akamkabidhi Bi Rukia chupa. Ilikuwa nyekundu kuliko ya kaka yake.

Tukamketisha ndani ya darasa, tukafunga mlango. Alisimulia kwa sauti ya chini. Mama yake aliiona ile damu, akajua si ya mwezi kwa kuwa haikomi. Majirani walipopata fununu, wakaanza kusema. Mmoja alisema msichana ametembea na wanaume. Mwingine alisema amefanyiwa uchawi. Baba yake, Mzee Charo, hakumpiga wala kumtukana. Alimwambia tu akae nyumbani, na tangu siku hiyo hamtazami usoni.

Bi Rukia alitia tone chini ya kioo akatazama. Kisha akamsogezea Sidi kiti.

"Njoo utazame mwenyewe. Unaona hivyo vyenye mwiba?"

"Naona."

"Ndivyo vinavyokutoa damu. Kichocho umekipata bwawani, ukichota maji na kufua nguo za hao wanaokusema. Hukufanya kosa lolote, mwanangu."

Sidi hakuinua kichwa. Alitazama, akatazama. Alipoongea, aliuliza jambo moja. "Na ya Katana ikoje?"

"Ni hii hii."

"Hii hii kabisa?"

"Kabisa."

Nikaingilia. Nilimwambia kwamba tutampa dawa, na kwamba siri yake ni yake. Sitaitoa kwa mwalimu, wala kwa kaka yake, wala kwa mtu yeyote. Hilo shikeni sana katika kazi hii. Habari ya mgonjwa haitangazwi hata kama ingemsaidia kila mtu kijijini.

Sidi akanijibu, "Bwana Afya, siri ndiyo iliyonifunga nyumbani. Mwiteni Katana. Na baba mwiteni."

Kesho yake tulirudi. Mzee Charo alikuja na Katana, mkewe akifuata na Sidi. Alikuwa mtu mzito wa maneno, mwenye mikono mikubwa ya kupanda minazi. Nilimwamkia, nikamuuliza hali ya nyumba, ya shamba, ya mvua. Bi Rukia alinitupia jicho la kuridhika. Ilipofika mchana tulichukua mikojo mipya ya watoto wote wawili, tukaipanga katika vipande viwili vya kioo, na Bi Rukia akamwomba mzee aketi.

Alichukua muda kupata kulifumba jicho moja. Kisha akatulia. Bi Rukia akabadilisha kioo, akarudisha cha kwanza, akaweka tena cha pili.

"Mzee wangu," akamuuliza, "kimoja ni cha mwanao wa kiume, kimoja cha mwanao wa kike. Kipi ni cha nani?"

Mzee Charo akatazama tena. Akaomba arudishiwe cha kwanza. Akatazama cha pili.

"Vinafanana," akasema.

"Tazama vizuri. Labda cha mwanamume kina kitu zaidi."

"Nimekwambia vinafanana, mama."

Katana naye akaketi. Alitazama kwa muda mrefu kuliko baba yake, na alipoinuka hakuwa na mzaha hata mmoja. Akamtazama dada yake. "Wewe pia?" akauliza. Sidi akatikisa kichwa kukubali. Katana hakujua. Nyumba moja, na hakujua.

Mzee Charo akaanza kusema kama anayejieleza mwenyewe. "Mimi nilipokojoa damu, baba yangu alinichinjia jogoo. Katana alipokojoa, nami nikamchinjia jogoo."

Sidi alikuwa nyuma ya mama yake. Akasogea mbele, akasema taratibu, kwa adabu, "Na mimi, baba? Wangu jogoo yuko wapi?"

Nilimwogopea. Mzee Charo akamtazama binti yake, usoni hasa, kwa kitambo. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipodhani analia nikaona anacheka, huku machozi yanamtoka vilevile. Mkewe akajifunika uso kwa leso, naye akacheka. Katana akacheka mwisho, kwa aibu.

"Yuko bandani," mzee akasema. "Yule mwekundu. Ni wako."

Kisha akaniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama dawa ile inafaa kwa mtu mzima. Nilimuuliza ana maumivu tangu lini. Akasema, "Tangu sijakujua wewe."

Mkitaka kujua furaha ya kazi hii, ningependa mngeiona siku ya dawa. Vidonge vile hutolewa kwa uzito wa mtu, na sisi hatukuwa na mizani ya kusimama. Baba yake Kazungu, yule mwenye duka, alikuwa na mizani ya kupimia magunia ya korosho, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Tukaifunga kwenye boriti la darasa ambalo halijaezekwa, tukaning'iniza gunia lililotobolewa matundu mawili ya miguu, na watoto wakaingia mmoja mmoja wakabembea. Mwenye duka alisimamia mwenyewe, akiwaita kwa lugha ya biashara yake: huyu daraja la kwanza, huyu bado mbichi, huyu arudishwe shambani akauke. Hata wale waliokuwa wagonjwa kweli walicheka wakiwa wananing'inia. Wazazi waliokuja kutazama wakaona hakuna la kuogopa, wakajipanga. Mzee Charo alipoingia gunia lilipasuka, ikabidi tumkadirie kwa macho.

Vidonge vile havinywewi tumbo likiwa tupu, humchafua mtu roho. Kwa hiyo akina mama walipika uji na mihogo na mbaazi za nazi. Na kando, kwenye sufuria yake peke yake, alikuwa jogoo mwekundu. Sidi alikula paja, na lile la pili akampelekea Bi Rukia.

Baada ya hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, maana dawa hutibu mtu, haitibu bwawa. Nilitaka kuja na amri zangu tena. Bi Rukia akaniambia niwaulize vijana. Nikauliza, na aliyejibu zaidi ni Sidi, ambaye alikuwa amerudi shule na kukalia dawati lake kama aliyetoka safari ndefu. Alisema wasichana hawawezi kuambiwa wasiguse maji. Nyumba zitapika na nini? Alitaka kujua vile vijidudu vinaishi muda gani visipompata mtu. Nikamwambia maji yakiwekwa kwenye pipa siku mbili bila konokono, vinakufa. Nikamwambia pia kwamba hutoka kwa wingi jua likiwa kali, na kuchota asubuhi na mapema ni nafuu.

Akafikiri. "Basi tunataka mapipa," akasema. "La leo, la kesho, la keshokutwa, na la kuogea. Na wavulana wachimbe choo kando ya njia ya bwawani, mbali na maji, maana wao ndio wanaoyakojolea."

Wavulana wakanung'unika. Katana akasema, "Tutachimba." Na wakachimba, kwa kuwa nahodha ameshasema. Mapipa tulipata ya mafuta kutoka kwa wajenzi wa barabara, tukayachoma ndani na kuyasugua kwa mchanga mpaka mikono ikatuuma.

Kuhusu mpira sijawaambia bado. Timu ile ilikuwa na sifa moja katika wilaya nzima ya Kilifi: iliongoza mpaka mapumziko, kisha ikaanguka. Kila mtu alidhani ni uvivu, au wapinzani wamefanya dawa. Mimi na Bi Rukia tulikuwa na dhana yetu, kwamba ni kichocho kinachowamaliza, lakini hatukuahidi kitu. Msiwaahidi vijana ushindi, waahidini pumzi.

Mwaka uliofuata walicheza nyumbani na shule kutoka upande wa Kilifi mjini iliyokuwa ikiwafunga siku zote. Wageni walifunga kwanza. Kipindi cha pili kilipoanza, watu wetu walianza kukaa chini, kama waliozoea msiba. Lakini vijana hawakuanguka. Waliendelea kukimbia. Kazungu, ambaye sasa alichezeshwa pembeni kwa sababu ya mbio zake, alipeleka mpira mbele ya lango, na Katana akautia wavuni kwa goti, bao baya kabisa nililopata kuliona. Mchezo ukaisha bao moja kwa bao moja. Ungedhani tumechukua kombe. Mzee Charo alinikumbatia, kisha akakumbuka mimi ni mwanamke, akaniachia na kuniomba radhi. Nikamwambia cheo ni cheo.

Ndipo nikaona wachezaji wanakimbia kuelekea bwawani, jasho linawatiririka, miguu inaifuata njia iliyoizoea. Sikuwahi kuwaita, maana njiani kulikuwa tayari na mtu. Sidi na wenzake walikuwa wamesimama kando ya pipa, pipa la kuogea, kila mmoja na kata ya kuchotea maji mkononi. Wavulana wakapunguza mwendo. Wakaangaliana, wakaangalia maji ya bwawa yanavyometa chini kule. Kisha wakajipanga mstari, nahodha mbele.

Katana akainamisha kichwa. "Nimwagie, dada."

Sidi akaiinua kata, hakumwaga. "Sema tafadhali."

Shule nzima ilikuwa inatazama, na wageni wao wote kutoka Kilifi mjini. Katana akasema tafadhali.